Wanachama 38 na kiti kimoja: dhana potofu kuhusu wingi wa watia nia

Katika baraza la kahawa ninakoketi jioni, hapa Tabora, baada ya kumaliza vipindi vyangu vya somo la Uraia, swali la mwaka 2015 halijachoka kuulizwa: iliwezekanaje wanachama 42 wa Chama Cha Mapinduzi wachukue fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais, na 38 kati yao wazirudishe, ilhali kiti ni kimoja? Wanaofuatilia habari za nje huongeza Marekani, ambako chama cha Republican kilikuwa na wagombea 17 wenye majina katika mbio za 2016, na chama cha Democratic kikavuka 20 katika mbio za 2020. Majibu ninayoyasikia pale, na ambayo wanafunzi wangu huyaleta kwenye insha zao, mengi ni dhana zilizorudiwa mpaka zikachukuliwa kuwa ukweli, nami huumia kuzisikia kwa sababu humfanya kijana aamini kwamba kila anayejitokeza kuomba uongozi ana kasoro fulani ya akili au ya tabia.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba kila aliyechukua fomu alikuwa na hakika ya kuwa rais, na kwa hiyo wengi wao walijidanganya. Ukweli ni kwamba mwanasiasa hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani uwezekano wa kushinda na kile atakachobaki nacho akishindwa, na mara nyingi hilo la pili ndilo lenye uzito. Jakaya Kikwete aliingia katika mchujo wa mwaka 1995, akafika kwenye Mkutano Mkuu, akashindwa na Benjamin Mkapa. Mkapa akamteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, naye akakaa katika wizara hiyo miaka kumi, kisha mwaka 2005 akarudi na kuteuliwa. Mtu aliyeitazama fomu yake ya 1995 kama kazi bure angekuwa ameisoma nusu. Hata baada ya mchujo wa 2015, January Makamba, Augustine Mahiga, Mwigulu Nchemba na Sospeter Muhongo, ambao wote walikuwa wametia nia, waliingia katika Baraza la Mawaziri la John Magufuli.

Huko Marekani hesabu ni hiyohiyo. Pete Buttigieg alikuwa meya wa South Bend, mji wenye watu wapatao 100,000 tu, alipoingia katika mbio za 2020. Hakuteuliwa, lakini mwaka uliofuata alikuwa Waziri wa Uchukuzi. Kamala Harris alijitoa Desemba 2019, kabla hata kura ya kwanza haijapigwa, na Agosti 2020 Joe Biden akamchagua kuwa mgombea mwenza. Wapo pia wanaoingia kwa ajili ya hoja moja, kama Jay Inslee, gavana wa jimbo la Washington, ambaye kampeni yake yote aliijenga juu ya mabadiliko ya tabianchi, na alipojitoa alirudi kugombea ugavana akashinda tena.

Dhana nyingine husema kwamba wingi wa watia nia ni dalili ya chama kukosa nidhamu au kupasuka. Wanaosema hivyo hawalinganishi miaka. Mwaka 2005, Mkapa alipomaliza muda wake, waliojitokeza walikuwa 11. Mwaka 2015, Kikwete alipomaliza wake, wakawa 38. Lakini mwaka 2020, Magufuli akiwa madarakani, ni yeye peke yake aliyechukua fomu, na Januari 2025 Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan bila mpinzani ndani ya chama. Chama ni kilekile. Kilichobadilika ni kama kiti kilikuwa na mwenyewe au kilikuwa wazi, na anayeujua utaratibu wetu wa vipindi viwili vya miaka mitano anajua kwamba nafasi ya namna hiyo huja mara moja kwa muongo. Mwenye umri wa miaka 55 akiiacha ipite, ijayo itamkuta ana 65.

Kuhusu fedha nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazee wa barazani hunipinga zaidi. Wanaamini kwamba kuingia tu kunahitaji utajiri. Mwaka 2015 fomu ililipiwa shilingi milioni moja, nayo si fedha ndogo kwa mkulima wa tumbaku wa Sikonge, lakini si kikwazo kwa waziri, mbunge au balozi mstaafu. Kazi kubwa ilikuwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Nakumbuka namna shughuli hiyo ilivyofanyika mkoani kwetu: meza moja, karatasi iliyochorwa mistari, na wanachama waliopanga foleni huku kila mmoja akiwa na kadi yake mkononi, wengine wakiitoa ndani ya mfuko wa nailoni ilimohifadhiwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni aliisoma namba ya kadi yake kwa sauti, tarakimu moja moja, mwandishi akainakili, kisha mama huyo akatia sahihi taratibu kama anayesaini hati ya shamba. Huku kwetu jambo hilo lilikuwa na joto la pekee, kwa kuwa Samuel Sitta wa Urambo, aliyepata kuwa Spika wa Bunge, alikuwa miongoni mwa waliotia nia.

Marekani nako mlango ni mwepesi na njia ndiyo ndefu. Ada ya kuandikishwa katika kura ya awali, yaani kura ya wananchi ya kumpata mgombea wa chama, katika jimbo la New Hampshire ni dola 1,000. Lakini ili kupanda jukwaani katika mdahalo wa kwanza wa Democratic, Juni 2019, mgombea alitakiwa awe amepata asilimia 1 katika kura tatu za maoni, au awe amechangiwa na watu wasiopungua 65,000, bila kujali kila mmoja ametoa kiasi gani. Wagombea 20 walipita, na mdahalo ukalazimika kugawanywa katika usiku wa siku mbili mjini Miami.

Ipo dhana kwamba mambo yamekuwa hivi tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1968 Hubert Humphrey, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliteuliwa na Democratic bila kushiriki hata kura moja ya awali, kwa kuwa vigogo wa chama ndio walioamua. Hasira zilizofuata zilibadilisha kanuni, kura za awali zikapewa uamuzi, na mwaka 1976 gavana wa zamani wa Georgia ambaye wengi hawakumjua, Jimmy Carter, alipita katika mlango huo mpya hadi Ikulu.

Iliyobaki ni ile inayoonekana ya kheri, kwamba majina mengi humpa mpiga kura uhuru mwingi. Mwaka 2016 katika jimbo la South Carolina, Donald Trump alipata takriban theluthi moja ya kura za Republican na akazoa wajumbe wote 50 wa jimbo hilo, yaani wale wanaokwenda kumpigia kura mgombea kwenye mkutano wa chama, kwa sababu theluthi mbili zilizobaki ziligawanyika kwa wengine watano. Kwetu majina hayafiki hata kwa wanachama walioyadhamini. Kamati Kuu iliyapunguza majina 38 yakabaki matano, na jina la Edward Lowassa, aliyepokewa na umati mikoani, halikuwemo; Halmashauri Kuu ikayafanya matatu. Mkutano Mkuu wa Dodoma, Julai 2015, ulipiga kura juu ya watu watatu tu: Magufuli akapata 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59.