Je, wajua kwa nini bia inaweza kunukia ndizi ilhali hakuna ndizi iliyotiwa?

Katika viwanda vidogo vya bia, vile ambavyo matangi na kaunta vimo chini ya paa moja, mgeni huletewa ubao wenye glasi kadhaa ndogo, kila moja na rangi yake. Anza na ile ya manjano yenye ukungu, bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Kabla glasi haijagusa mdomo, pua imeshapata ndizi mbivu, na nyuma yake karafuu. Muulize mpika bia ametia ndizi ngapi. Hajatia hata moja, na karafuu hajaigusa. Ndani ya tangi mliingia maji, kimea (yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) cha ngano na cha shayiri, hopsi kidogo, yaani maua yaletayo uchungu, na hamira, basi.

Aliyefanya kazi hiyo ni hamira. Tumezoea kuambiwa kwamba hamira hula sukari ikatoa kileo na gesi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Inapokula na kuzaliana hutoa pia mamia ya kemikali nyingine kwa viwango vidogo mno, na hizo ndizo pua inazozidaka kwanza. Kundi moja huitwa esta, nazo hutokea pale asidi inapoungana na kileo. Esta moja, isoamili asetati, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya harufu ya ndizi mbivu, na ndiyo inayotiwa kwenye peremende za ndizi. Kwa hiyo pua yako haikudanganywa. Imekutana na kemikali ileile ya ndizi, isipokuwa safari hii imetengenezwa na kiumbe cha seli moja badala ya mgomba. (Nyuki nao wanayo: mmoja akichoma, harufu hiyohiyo ndiyo inayowaita wenzake waje kushambulia.)

Karafuu ina njia yake. Kwenye kuta za punje za nafaka imejificha asidi iitwayo feruliki. Hamira ya bia ya ngano ina kimeng'enya kinachoikata asidi hiyo na kuigeuza kuwa fenoli yenye harufu ya karafuu, uwezo ambao hamira nyingi za bia nyingine hazina. Mpika bia anayetaka karafuu zaidi huuacha uji wa kimea utulie kwenye nyuzi joto 45 hivi za Selsiasi kabla ya kuuongezea moto, ili asidi feruliki itoke kwa wingi. Anayetaka ndizi zaidi huliacha tangi lichachuke penye joto kidogo zaidi. Nyuzi chache tu za kipimajoto zinatosha kuhamisha bia kutoka karafuu kwenda ndizi. Mimi naona hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, kuliko kwenye majina ya kuchekesha yanayoandikwa ubaoni.

Laga, bia ya rangi ya dhahabu inayouzwa kwa wingi kupita zote duniani, haina vituko hivi kwa sababu hamira yake, Saccharomyces pastorianus, hupenda baridi. Hufanya kazi polepole, kwa kawaida kati ya nyuzi 7 na 13, na hutoa esta chache. Ile ya bia ya ngano ni jamaa ya hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, nayo hupenda ujotojoto. Watu walipika bia kwa maelfu ya miaka bila kujua lolote kati ya haya. Sheria mashuhuri ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa, maana hakuna aliyejua kwamba ule utando na mashapo ni viumbe hai. Mwaka 1883 mwanasayansi wa Denmark, Emil Christian Hansen, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg jijini Copenhagen, alifanikiwa kutenga hamira safi itokanayo na seli moja. Tangu hapo mpika bia anaweza kuchagua hamira kwa makusudi, akijua harufu gani anaiagiza.

Glasi inayofuata inanukia pasheni, balungi, pengine embe. Hapa pia huenda hakuna tunda. Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwenye nguzo na kamba, na yana kazi mbili. Ukiyachemsha kwa muda mrefu, asidi zake hubadilika umbo na kuleta uchungu, huku mafuta yake ya harufu yakipaa na mvuke. Ukiyatia baadaye, ndani ya tangi lililopoa, uchungu huongezeka kidogo tu na sehemu kubwa ya harufu inabaki. Baadhi ya aina za hopsi zina kemikali zenye salfa, thaioli, ambazo ndizo zilizomo kwenye pasheni na balungi lenyewe. Pua ya binadamu ni kali ajabu kwa thaioli: baadhi yake huzinusa zikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Na hamira haikosi kuweka mkono hapa pia, kwani huzifungua thaioli zilizokuwa zimefungwa, tena huigeuza kemikali ya hopsi inayonukia waridi kuwa nyingine inayoelekea kwenye ndimu.

Bia nyeusi yenye ladha ya kahawa na chokoleti haihitaji maelezo marefu: ni kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi. Mwingereza Daniel Wheeler alisajili hataza ya pipa la kukaangia kimea mwaka 1817, na tangu hapo kiasi kidogo tu cha kimea cheusi kinatosha kuipaka rangi bia nzima. Bia nyeusi ikiwa na vanila na nazi, uliza kama imelazwa kwenye pipa la mwaloni. Mbao za mwaloni zikichomwa kwa ndani hutoa vanilini, ileile ya vanila, na mbao hizohizo zina kemikali inayonukia nazi.

Sasa tuje kwenye bia zilizotiwa matunda kwelikweli, maana hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Mtu anaagiza bia ya embe akitarajia sharubati yenye povu, anapata kitu kikavu, chenye uchachu, na embe kwa mbali. Analalamika kwamba wamebana tunda. Pengine walitia ndoo kwa ndoo. Kilichotokea ni kwamba tunda likiingia tangini, hamira huliona kuwa sukari nyingine ya kula, na sukari ya matunda huila karibu yote. Embe likiondolewa sukari linabaki na asidi, rangi na harufu, na hata harufu yenyewe sehemu yake huchukuliwa na gesi inayobubujika. Ulimi wetu umezoea kulitambua embe kwa utamu, kwa hiyo utamu ukiondoka twadhani embe limeondoka. Mpika bia anayetaka utamu ubaki anaweza kutia laktosi, sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuimeng'enya. Asiyetumia maziwa kwa sababu za kiafya na aulize kabla ya kunywa.

Wabelgiji hawakuwahi kuuona ukavu huo kuwa kasoro. Karibu na Brussels hupikwa bia iitwayo lambic, ambayo hulazwa wazi usiku kucha ndani ya sinia kubwa la kina kifupi, vijidudu vya hewani na vya jengoni viingie vyenyewe, kisha ikahamishiwa kwenye mapipa. Kati ya wageni hao yumo Brettanomyces, hamira ya mwituni iletayo harufu ambayo wenyewe huifananisha na zizi la farasi, nao huisema kwa sifa. Wakitia cheri chachu humo, hupata kriek. Baada ya miezi, utamu wa cheri umekwisha, umebaki uchachu na rangi, pamoja na harufu ya lozi inayotoka kwenye kokwa.

Bia ya pilipili ni habari nyingine kabisa. Ukali wa pilipili si ladha bali ni maumivu: kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwe kali, huamsha neva zile zile zinazokuonya unapounguzwa na chai. Kapsaisini huyeyuka kwenye kileo kuliko kwenye maji, lakini bia ya kawaida ni maji zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo kunywa tena ili kuzima moto hakusaidii. Iache glasi hiyo iwe ya mwisho, au utazipoteza zote zitakazoifuata.

Mpangilio huo una maana kwa glasi zote: nyepesi kwanza, kisha chungu, kisha nyeusi na zenye kileo kingi. Kama glasi imeletwa baridi kama barafu, ishike kiganjani dakika chache, kwa sababu baridi huzibana harufu zisipae. Kisha piga funda huku umebana pua. Utapata utamu, uchungu na uchachu, lakini ndizi huioni. Achia pua bila kufungua mdomo na ndizi itafika mara moja, ikipitia nyuma ya koo.

Harufu moja yaweza kuwa sifa hapa na kosa pale. Ndizi inayosifiwa kwenye bia ya ngano, ikitokea kwenye laga mpika bia hukunja uso, kwani huenda tangi lake limepata joto. Siagi, kama ile ya bisi za sinema, hutoka kwa diasetili, ambayo hamira huitoa mwanzoni na kuifyonza tena ikipewa muda. Laga inayonukia siagi mara nyingi ni bia iliyotolewa tangini kabla hamira haijamaliza kazi hiyo, na mpika bia makini hatakasirika ukimwambia. Atakwenda kulionja tangi mwenyewe.