Puto la utafiti haliendeshwi: ufafanuzi kuhusu upepo na mawimbi ya anga ya ncha za dunia

Kila msimu wa kurusha maputo unapotangazwa, maswali hurudi yaleyale: nani analiendesha puto, na linapeleleza nini. Tunarudia kwa heshima zote kwamba haliendeshwi na mtu. Halina injini wala usukani, na lingekuwa navyo lisingetufaa, kwa kuwa kazi yake ni kufuata upepo popote unapokwenda.

Mfuko wake umefungwa kabisa na kanieneo ya heliamu iliyomo hubaki juu kuliko ya hewa ya nje usiku na mchana, hivyo ujazo wake haubadiliki, nalo huelea kwa wiki nyingi katika tabaka la hewa lenye densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo) ileile. Mwaka 2005, katika mradi wa Vorcore, shirika la anga za juu la Ufaransa, CNES, lilirusha maputo 27 ya aina hiyo kutoka McMurdo, Antaktika. Lililodumu kuliko yote lilikaa angani siku 109. Mahali puto lilipo palipimwa kila baada ya dakika 15, na umbali kati ya vipimo viwili ndio uliotupa kasi ya upepo.

Ukiichora safari hiyo kwenye ramani, utaona duara kubwa linaloizunguka ncha, na juu ya mstari wake vikunjo vidogo vya saa chache. Vikunjo hivyo ndivyo tunavyovitafuta. Ni mawimbi ya graviti, ambayo hayahusiani kabisa na yale ya mashimo meusi, ingawa tunaulizwa kila mara. Upepo ukiigonga milima ya Rasi ya Antaktika, hewa hupandishwa, uzito wake huishusha, nayo hupitiliza na kupanda tena. Mtikisiko huo hupaa hadi tabakastrato, yaani tabaka la anga lililo juu ya lile la mvua na mawingu ya kawaida, huvunjika huko na kuupunguza kasi upepo uleule unaoizunguka ncha na kuifungia baridi juu yake. Baridi hiyo ikishuka chini ya nyuzi −78 hivi, hutokea mawingu yanayochochea uharibifu wa ozoni, gesi inayotukinga na miale hatari ya jua.

Kuhusu usalama, kanuni zimo katika Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, unaoyagawa maputo katika makundi mepesi, ya kati na mazito. Mrushaji wa puto zito au la kati huwaarifu waongoza ndege siku zisizopungua 7 kabla ya siku ya kurusha. Puto zito hubeba angalau vifaa viwili vya kukatisha safari ya shehena, visivyotegemeana, na likiwa chini ya futi 60,000 mahali lilipo huandikwa kila baada ya saa 2. Saa 1 kabla ya kulishusha, waongoza ndege hupewa makadirio ya wakati na mahali litakapotua. Kibali cha nchi moja hakiruhusu kuvuka anga ya nchi nyingine, na anayekiuka huwajibishwa kwa sheria za nchi husika, hata kama nia yake ilikuwa sayansi.

Atakayeokota shehena iliyoanguka asiifungue wala asing'oe betri, kwani nyingi ni za lithiamu na huweza kuwaka. Asome lebo, kisha atoe taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga au polisi.