Kuotesha mbegu za miti nyumbani: ipi ikaushwe, ipi isikaushwe

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, alinijia kitaluni na makopo mawili. Moja lilikuwa na kokwa za fenesi, la pili mbegu za mkwaju. Zote alikuwa amezifukua udongoni. "Mzee," akaniambia, "nimemwagilia asubuhi na jioni, mwezi na nusu sasa. Hakuna hata moja iliyotoka."

Nikamwuliza alianzaje. Fenesi walilila nyumbani, akaziosha kokwa, akazianika juu ya bati kwa wiki mbili mpaka zikawa zinalia zikigongana, ndipo akazipanda. Za mkwaju alizifyonza utamu wake, akazitia udongoni siku ileile. Nikaipasua kokwa moja ya fenesi kwa kisu: ndani imesinyaa, rangi ya kahawia, na inanuka uchachu. Nikatwaa mbegu ya mkwaju nikaipangusa kwa kidole. Ilikuwa inang'aa vilevile kama ilivyotoka kwenye tunda. "Mwanangu," nikamwambia, "hizi ulizianika zikafa. Na hizi bado hazijajua kwamba zimepandwa."

Karibu kila anayeanza kuotesha miti huniuliza amwagilie mara ngapi kwa siku. Mimi humrudisha nyuma kwanza: mti huo, porini kwao, mbegu yake huanguka wapi, na hupita kwenye nini kabla ya kuota? Ukilijua hilo, mambo ya maji yatakuja yenyewe.

Fenesi ni tunda la nchi yenye mvua na joto la mwaka mzima. Kokwa yake huanguka penye unyevu na kuota papo hapo, haikuumbwa kungoja. Ndivyo zilivyo pia embe, parachichi na kakao. Zina maji mengi ndani, na maji hayo yakishatoka hazifufuki hata uzilowishe juma zima. Kula tunda leo, osha utelezi wote, panda leo au kesho. Kokwa ya fenesi ilaze ubavu, uifunike kwa udongo wa unene wa kidole. Ya parachichi iketi kwa upande wake mnene, ncha ikichungulia juu. Tumia chombo kirefu, kwa sababu mfenesi hushusha mzizi mkuu mapema sana na haupendi kabisa kuhamishwahamishwa.

Hapa niseme neno kuhusu friji, maana vijana wengi wananiletea ushauri walioutoa kwenye intaneti: weka mbegu kwenye friji miezi mitatu ndipo upande. Ushauri huo ni wa kweli, lakini ni wa miti ya nchi zenye baridi kali. Mbegu ya mtufaha, kwa mfano, hungoja baridi ipite ndipo iamke, hivyo anayeotesha mbegu za tufaha kule Kabale anaweza kuihitaji friji. Ukiiweka humo kokwa ya fenesi au ya kakao unaiua. Baridi haizijui na zenyewe haziijui.

Mkwaju ni habari nyingine. Huu ni mti wa nchi kavu, utaukuta Teso na Karamoja, na hata huku mashariki kandokando ya mashamba. Wateso hutia ukwaju wake kwenye atapa, yaani ugali wao, na mimi nikila bila ukwaju huona nimedhulumiwa. Mbegu yake imevaa ganda ambalo maji hayapenyi. Ndivyo zilivyo pia mgunga, lusina na ule mti wa maua mekundu wanaouita mkrismasi. Ganda hilo ndilo huiwezesha mbegu kulala udongoni kiangazi chote bila kuoza. Wewe nyumbani kazi yako ni kulifungulia maji mlango.

Kwa mbegu chache, chukua kikata kucha. Itazame mbegu ya mkwaju kwa makini utaona upande mmoja una alama ndogo, pale iliposhikana na tunda. Hapo ndipo kiinitete kilipo, usiguse. Kata upande wa pili, kidogo tu, mpaka rangi nyeupe ionekane chini ya ile ya kahawia, kisha acha. Au isugue kwa msasa. Itie kwenye kikombe cha maji ya kawaida jioni. Asubuhi utakuta imevimba karibu mara mbili, imekuwa laini, na ganda limeanza kujikunja na kuachia. Nilimkatia jirani yangu kumi mbele ya macho yake, na kumi nyingine nikazitia hivyo hivyo bila kukata. Kesho yake alikuja mbio kabla hajawasha sigiri ya chapati zake. Zile zilizokatwa zilikuwa zimevimba zote. Zisizokatwa zilikuwa zimekaa chini ya kikombe kama changarawe.

Kwa mbegu nyingi, za lusina au mkrismasi, chemsha maji, yaepue, halafu ndipo uyamimine juu ya mbegu, maji yazidi ujazo wa mbegu mara tano hadi kumi. Usiziache jikoni zikichemka, utakuwa unapika maharage. Ziache mpaka kesho yake, panda zilizovimba, na zile zilizobaki ngumu zirudie.

Kabla ya yote hayo, kata mbegu mbili tatu katikati uangalie. Kiini kikiwa kigumu na cheupe au krimu, endelea. Kikiwa cheusi, kimesinyaa, au kuna funza, usipoteze wiki zako. Mbegu za miti ya misitu yetu unaweza kuzipata Namanve, kwenye Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti kilicho chini ya NFA, Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Ukiokota mwenyewe, okota kutoka miti kadhaa iliyo mbalimbali, si mmoja tu ulio karibu na nyumba, ili miche yako isiwe yote ya mama mmoja.

Udongo wa kuoteshea hauhitaji mbolea. Mbegu imebeba chakula chake cha safari ya kwanza. Mimi hutumia mchanga uliooshwa na kuchekechwa, nikaumwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe. Mbolea na udongo mweusi vinangoja kwenye viriba, mifuko ya plastiki ya kukuzia miche, ambavyo hapa wengi huviita kaveera. Kina cha kupandia ni unene wa mbegu yenyewe, au mara mbili yake. Maji: finyanga mchanga kiganjani. Ukidondosha maji, umezidisha. Ukishikana kidogo bila kudondosha, inatosha, na huenda kesho usimwagilie kabisa.

Maji mengi huleta kinyausi, ugonjwa wa kuozesha mashina ya miche, na kinyausi kimeua miche mingi ya wanaoanza kuliko jua. Unalala miche imesimama vizuri, unaamka umeikuta imelala. Inama uangalie mmoja: majani bado ni ya kijani, lakini pale shina linapokutana na udongo pamekuwa pembamba, pa kahawia, kama uzi uliolowa. Huo hauponi. Ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, ipunguze iliyosongamana, ifungulie hewa na mwanga. Mwagilia asubuhi, isilale imelowa.

Mvule, ambao ndio fahari ya Busoga, ulinifundisha kwa uchungu. Mbegu zake ni ndogo mno, kilo moja ina mamia ya maelfu, na porini huangushwa na popo walao matunda. Mwaka wangu wa kwanza nilizifukia kwa kina cha kidole kama nilivyofanya kwa mingine. Haukutoka hata mmoja. Siku hizi nazinyunyiza juu ya mchanga, nazipangusia vumbi la mchanga juu yake, na namwagilia kwa manyunyu tu ya pampu ya mkono.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la mti wa shea, ule ambao Waacholi huuita yaa. Niliagiza mbegu mbichi kutoka kaskazini, zikapasuka upesi, kila moja ikashusha mzizi mnene chini, na juu hakuna kitu. Nikangoja wiki kadhaa. Nikaona zimekufa, nikamwaga viriba vyote. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mti huu hushuka kwanza, na chipukizi lake huanzia kwenye huo unaoonekana kama mzizi, chini ya udongo, ndipo lipande juu polepole. Ni akili ya mti wa nchi inayoungua kila mwaka: moto ukipita juu, uhai umejificha chini. Nilimwaga miche hai. Nikilikumbuka hilo nasikitika mpaka leo, kwa sababu shea huchukua miaka mingi kuzaa na kila mche una thamani.

Kuhamishia kwenye viriba fanya mche ukishapata majani yake halisi, si yale ya kwanza ya mbegu, mawili au manne. Ushike kwa jani, kamwe usiubane shina. Toboa shimo refu kwa kijiti, shusha mzizi wote, kisha uuvute mche juu kidogo ili mzizi unyooke. Mzizi uliopinda kama ndoano hutauona tena, lakini mti wako utaanguka kwa upepo baada ya miaka minane na hutajua kwa nini. Mzizi ukiwa mrefu kupita kiriba, ukate ncha kwa wembe badala ya kuukunja. Kisha kivuli, ambacho utakipunguza taratibu, na wiki chache kabla ya mvua za Machi au za Septemba punguza na maji pia, mche ujue maisha ya nje.

Mikwaju ya jirani yangu ilianza kutoboa siku ya nane. Kokwa mpya za fenesi, mbichi kabisa, amezipanda juzi. Aliona pembeni sinia langu la mbegu za mti wa musizi, akauliza kwa nini lina mchanga mtupu. Nikamwonyesha kijiti chenye tarehe: miezi mitatu. Musizi huota ukipenda, leo mmoja, mwezi ujao watatu, na hondohondo wanaokula matunda yake huko msituni hawana haraka. Alitaka kuchimba aone. Nikamzuia mkono. Tukainama wote wawili, na kwenye kona ya sinia mchanga ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele.