Om na ukimya unaoifuata

Wanafunzi wapya wa taamuli huniuliza swali lilelile kuhusu silabi takatifu ya Kihindu tunayoiimba: "Mwalimu, Om maana yake nini?" Wanangoja neno moja la kamusi, nami sina. Huwaanzishia kwenye Chandogya, mojawapo ya Upanishadi (maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu) kongwe kabisa za India, inayosema kwamba om ni sauti ya kukubali: mtu akiridhia jambo, husema om. Ni kama sisi tunavyoitika "naam".

Ufafanuzi wa kina umo katika Mandukya, Upanishadi fupi mno yenye mantra, yaani aya, 12 tu. Katika Kisanskriti, lugha ya maandiko haya, a ikikutana na u huwa o, kwa hiyo ndani ya Om mna sauti tatu: a, u, m. A ni hali ya kuwa macho, tunaposhughulika na vitu vya nje. U ni ndoto, akili inapojiumbia ulimwengu wake. M ni usingizi mzito, usio na ndoto wala tamaa. Itamke polepole utaona kinywa nacho kinasafiri: a inatoka kooni mdomo ukiwa wazi, u inaiviringa midomo, m inaifumba.

Halafu ipo hali ya nne, turiya, nayo haina herufi. Mandukya inaieleza kwa kukanusha: si kujua ya ndani, si kujua ya nje, haishikiki, haielezeki. Hiyo ndiyo Atman, nafsi yenyewe. Katika sauti, mahali pake ni ule ukimya unaobaki m ikishazimika.

Hapa ndipo ninapoumia ninapowasikiliza wengi wakiimba. Wanamaliza om moja na kudandia nyingine, pumzi juu juu, kana kwamba wanahesabu magunia. Robo nzima ya silabi wameiruka, na ndiyo iliyobeba zile tatu! Acha mtetemo wa puani ufifie wenyewe. Usikimbilie kuvuta pumzi. Sikiliza kilichobaki.

Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika kitabu chake Yoga Sutra, anaiita silabi hii pranava, jina la Ishvara, yaani Mola. Kisha anaagiza mambo mawili yaende pamoja: kuirudia, na kuizamia maana yake. Kwa sababu hiyo darasa langu la kwanza lina om 7 tu, na tunazitumia dakika 10.