Usimuulize bibi mwaka

Narekodi historia simulizi za familia hapa Tabora, na swali ninalolikwepa kuliko yote ni "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka ulio kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi karani aliukadiria tu, kisha atakaa kama yuko mbele ya hakimu.

Uliza kilichokuwa kinatokea. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Wabelgiji waliingia hapa mjini Septemba 1916. Kwa watu wa Ujiji kigingi cha kupimia miaka ni Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Mzee mmoja aliniambia baba yake "alikuwa anachunga mbuzi reli ilipofika". Mchunga mbuzi ana miaka saba hivi. Basi alizaliwa karibu 1905. Hesabu hiyo fanyia nyumbani, si mbele ya mzee. Na ndugu wawili wakipishana, andika maneno ya wote wawili. (Mimi zamani nilikuwa nawasuluhisha. Nilipoteza habari nyingi.)

Anayeuliza awe mjukuu. Mtoto wa kumzaa ana heshima inayomfunga mdomo, lakini mjukuu ni mtani. Bibi anamwita "mume wangu" na kumwambia ambayo baba yake hajawahi kuyasikia. Na kama bibi anataka kusimulia kwa Kinyamwezi, mwacheni. Tafsiri itakuja baadaye.

Halafu sikilizeni majina. Mabula ni wa msimu wa mvua. Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Kuna bibi alikuwa akimsimulia mjukuu wake habari za dada yake aliyeitwa Shija: alivyopika, alivyogombana na mumewe. Tulikuwa tumeshaandika watoto wote wa nyumba ile. Kulwa hayumo, Doto hayumo. Mjukuu amelisikia jina la Shija tangu utotoni na halijawahi kumshtua.

Nikauliza, "Bibi, Shija aliwafuata akina nani?"

Akanyamaza. Akamtuma mjukuu maji ya kunywa. Kijana aliporudi na kikombe, bibi hakukipokea, alikuwa ameshaanza. "Walikuwa wanatembea tayari. Surua iliwachukua wote wiki moja, na mama akakataza wasitajwe."

Mjukuu alichuchumaa palepale, kikombe mkononi, akauliza walizikwa wapi. Bibi akanyoosha kidole kwenye mwembe ulio nyuma ya jiko.