Kocha wa maisha sio mwanasaikolojia, ngoja niwaambie tofauti iko wapi

Karibu kila wiki napata voisi noti ya mtu anauliza, dada, hivi wewe na mwanasaikolojia mnatofautianaje, si wote mnakaa mnaongea na watu? Jibu ambalo makocha wengi wanalitoa mtandaoni, na hata mi mwanzoni nilikuwa nalitoa, ni kwamba tiba inaangalia ulikotoka na ukocha unaangalia unakokwenda. Linapendeza kwenye posti ya Instagram ila sio kweli. Ile tiba ya kubadili fikra na tabia aliyoianzisha Aaron Beck kule Marekani miaka ya 1960, wataalamu wanaiita CBT, inahangaika zaidi na mambo ya sa hivi, mgonjwa anapewa hadi kazi ya kufanya nyumbani, na mara nyingi sesheni 20 hazifiki imeshaisha. Kwahiyo kigezo cha jana na kesho kitakupoteza.

Mi naangalia kitu kingine kabisa. Mtu wa ukocha ni yule ambaye nguvu za kufanya anazo, ila hajajua azielekeze wapi, au anajua lakini anaogopa, au amezungukwa na watu wanaomwamulia kila kitu. Mtu wa tiba ni yule ambaye zile nguvu zenyewe zimeumia. Huyo ukimpa plani unamwongezea mzigo.

Kazi yangu ni maswali. Huku kwetu ukisema kocha watu wanawaza mtu amesimama pembeni ya uwanja anapiga kelele, na ukisema mtu wa kukufunza maisha wanawaza kungwi au somo, ambaye anakukalisha ndani anakuambia fanya hivi usifanye vile. Na nawaheshimu, mi mwenyewe nimefundwa. Ila ukocha wa maisha mizizi yake mojawapo ni uwanja wa tenisi. Timothy Gallwey, alikuwa anafundisha tenisi California miaka ya 70, aligundua kwamba akipunguza maelekezo wanafunzi ndo wanacheza vizuri, akawa anawaambia wataje tu neno moja mpira ukidunda na lingine ukigonga raketi, basi, macho yanatulia kwenye mpira na mkono unajirekebisha wenyewe. Baadaye mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akausambaza mtindo wa GROW ambao makocha wengi tunautumia mpaka leo: unataka nini, hali ikoje sa hivi, una njia gani, na utafanya nini. Angalia hapo mwishoni, utafanya nini. Mtindo mzima umesimama juu ya imani kwamba huyu mtu akiamua, ataweza.

Sasa niwaambie pale nilipokosea, maana ndo palinifundisha kuliko kozi yoyote. (Mwenyewe ameniruhusu niandike, na vitu vichache nimebadilisha.)

Alikuja dada mmoja, mhasibu, anataka kuanza biashara ya keki. Oveni anayo, wateja wa kazini wapo, jina la biashara keshalifikiria anasubiri tu kulisajili BRELA, kule wanakosajili majina ya biashara. Nikafurahi, nikasema huyu ni wa miezi mitatu tu. Kazi ya kwanza nikampa aandike gharama ya keki moja, unga, mayai, siagi, sukari, gesi. Wiki iliyofuata akafungua daftari, kuna neno "unga", pembeni hamna bei, halafu ukurasa mweupe. Akasema samahani kocha nitafanya wiki hii. Wiki ya pili ukurasa uleule. Mi nikafanya kile nilichofundishwa, nikakata kazi vipande vidogo, nikamwekea alamu kwenye simu, nikawa namtumia meseji asubuhi za kumtia moyo, yaani nikakazana kweli, na kila nikikazana yeye anazidi kuomba samahani.

Sesheni ya nne ndo nikaacha habari za daftari nikamuuliza, dada, unalala? Akasema nalala saa nne, saa nane nimeshaamka nakaa sebuleni mpaka adhana. Nikamuuliza na kula. Akanyamaza kidogo, akasema chakula hakina ladha kocha, hata keki zangu siku hizi sizionji, nawaonjesha watoto ndo wananiambia kama sukari imekaa sawa. Tangu lini? Tangu msiba wa mama. Ilikuwa miezi nane.

Mhasibu ambaye anashindwa kuandika bei ya unga sio mvivu, na mi wiki nne nzima nilimtendea kama mvivu. Linaniuma mpaka leo.

Nilimwambia palepale kwamba plani tunaifunga, na kesho yake nikamsindikiza kliniki ya afya ya akili. Mi siruhusiwi kumwambia mtu ana sonona, hiyo ni kazi ya daktari. Wao wana maswali tisa, yametafsiriwa hadi Kiswahili, yanauliza wiki mbili zilizopita umelalaje, umekulaje, umejisikiaje, majibu yanapewa alama kuanzia 0 hadi 27, halafu daktari anaongea na wewe anaamua. Siku hizi mi habari ya usingizi na chakula nauliza siku ya kwanza, kabla sijapokea hela ya mtu.

Na kwanini watu kama huyu wanaanzia kwangu badala ya hospitali? Kwasababu kumwambia mume una kocha ni sifa, kumwambia unaenda kliniki ya akili ni kikao cha ukoo. Jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, watu wamelifanya tusi. Kwahiyo mlango wa kocha ndo unaonekana hauna aibu, na ndo maana kocha asiyejua mipaka yake ni hatari, hata awe na moyo mzuri kiasi gani.

Hatari inaongezeka kwasababu jina la kocha halilindwi. Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, lazima usajiliwe, ila kocha anaweza kuamka kesho akafungua akaunti akaanza kutoza. Kuna vyeti vya hiari, kwa mfano vya ICF, shirikisho la makocha lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, ngazi ya chini kabisa inataka masaa yasiyopungua 60 ya mafunzo na 100 ya kufanya ukocha wenyewe. Muulize kocha wako amesomea wapi. Halafu muulize, mara ya mwisho umempeleka mteja kwa daktari ni lini? Akisema hajawahi na ana miaka kadhaa kwenye kazi, mi ningeogopa.

Unaweza kuwa na kocha na daktari wa tiba kwa wakati mmoja? Ndiyo, ila kila mmoja ajue kuhusu mwenzake, na daktari akisema kocha asubiri, kocha asubiri.

Na kama unasoma hapa na unawaza kujidhuru, tafadhali usiombe sesheni kwangu. Mwambie mtu mmoja hapo ulipo, leo, akupeleke hospitali iliyo karibu, sio lazima iwe kubwa, mkifika mwambie nesi wa mapokezi hivyohivyo kama ilivyo kichwani.