Wareno, Waingereza na India: yanayosemwa na yaliyotokea

"Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India."

Alichofungua ni kipande cha kutoka Ureno, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hadi pwani yetu. Kutoka Malindi kwenda mbele, vyombo vilikuwa vikivuka kwa karne nyingi, kwa misimu ya kusi na kaskazi. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili 1498, na baada ya siku 23 hivi wakaiona India. Wakati wa kurudi hawakuusubiri msimu. Waliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijatulia, wakatangatanga baharini karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hivyo São Rafael ikachomwa moto kusini ya Mombasa. Siku 23 kwa miezi mitatu: hapo ndipo ninapouona uzito wa elimu ya yule rubani.

Huyo rubani, tena, hutajwa sana kuwa Ahmad ibn Majid. Ushahidi hauko upande huo. Ibn Majid aliandika mengi kuhusu ubaharia, lakini hakuna anaposema aliwaongoza Wareno, na wanahistoria wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat.

"Watu wa Asia walizililia bidhaa za Ulaya."

Zawadi alizoandaa Da Gama kwa Zamorin, mtawala wa Calicut, zilikuwa vitambaa 12 vya mistari, kofia, mabeseni 6 ya kunawia, shanga za marijani, sukari, mafuta na asali. Wakuu wa pale walicheka, wakamwambia kuwa mfanyabiashara maskini kuliko wote kutoka Makka hutoa zaidi ya hivyo. Kwa miaka mingi baadaye, pilipili manga, hariri na nguo za pamba zililipiwa hasa kwa madini ya fedha, mengi yakichimbwa Potosí, Amerika ya Kusini.

"Japani ilijifungia kabisa."

Si kweli. Waholanzi waliwekwa kwenye Dejima, kisiwa kidogo katika bandari ya Nagasaki, tangu 1641, lakini Wachina nao walifanya biashara Nagasaki, na bidhaa za Korea zilipitia Tsushima.

"Mizinga ya Wazungu ilimshinda kila mtu."

Baharini, mara nyingi. Nchi kavu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1686 Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliingia vitani na dola ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India, chini ya mfalme wake Aurangzeb. Mwaka 1689 Sidi Yakut, amiri wa majeshi ya majini ya dola hiyo, alishuka Bombay (Mumbai ya leo) na kuizingira ngome ya Waingereza kwa zaidi ya mwaka. Yeye alikuwa mmoja wa Masidi wa Janjira, kisiwa chenye ngome kusini ya Bombay, nao walikuwa watu wenye asili ya Afrika, na habari hii ningependa isomwe shuleni kwetu. Kampuni ilituma wajumbe kwa Aurangzeb. Walifika mikono ikiwa imefungwa, wakasujudu, wakaomba radhi. Walitozwa rupia 150,000, na mwaka 1690 wakaruhusiwa tena kufanya biashara. Ilipita miaka 67 kabla ya Kampuni hiyo kushinda vita vya Plassey, huko Bengali, mwaka 1757, na hata hapo ilisaidiwa na Mir Jafar, jemadari aliyemsaliti nawabu, yaani mtawala, wake.